Chapati Kwenye Meza ya Waitaliano

Al-Naseem, Riyadh
14 Februari 2025

Mpendwa Dada Eucabeth,

Kwanza salamu. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na Lewis wako, bado anatoroka shule? Mimi niko salama, joto halijaanza na gari halinisumbui.

Sasa la Mourine. Najua tangu yule jirani aseme mdogo wetu ni mgonjwa huko Jeddah na anatuficha, Mama hali wala halali. Simu ya Mourine iliharibika, anatuma salamu kwa simu ya madam anayemfanyia kazi, na salamu za dakika moja hazimtulizi mzazi. Uliniambia nisikuletee maneno, nimuone kwa macho yangu.

Basi Mungu si Athumani. Wiki iliyopita bosi aliamua familia iende Jeddah, na dereva ni nani? Nikampigia madam wa Mourine, akasema Ijumaa wangepeleka watoto kwenye tamasha la Waitaliano, karibu na kwao, mtaa wa Aziziya. Bosi akanipa ruhusa mpaka magharibi tu, maana kesho yake tulikuwa tunarudi Riyadh.

Dada, Waitaliano wanapenda kula jamani. Wanaimba huku wanakoroga sufuria, na ukionjeshwa mchuzi wa nyanya usiposifu, unaongezwa mpaka usifu. Lakini mimi hamu sikuwa nayo. Nilizunguka saa nzima nikichungulia kila msichana aliyeshika mtoto, hadi nikaona aibu. Jua likaanza kushuka.

Ndipo nikasikia vicheko kwenye meza moja. Bibi wa Kiitaliano alikuwa akifundisha wageni kusukuma unga na kuukata tambi. Wote wanakata, isipokuwa mmoja aliyenipa mgongo. Huyo amepaka unga mafuta, ameukunja kama konokono, anausukuma tena duara, na kila akiugeuza anaupiga kofi, vile Mama hufanya. Sikuhitaji kuona uso.

Nikamwita. Akageuka, unga mpaka kwenye nyusi.

"Absalom! Ngoja kwanza, hiyo ya kwanza itaungua."

Kumbe bibi alishampa kikaango aone hiyo ajabu itaishia wapi. Chapati ilipoiva bibi akararua kipande, akatafuna, akaomba kingine. Halas, basi tena, tambi zikasahaulika. Madam wa Mourine naye alikula akiuliza mbona miaka miwili hajawahi kupikiwa hiyo. Mourine akamjibu kwa upole kwamba hakuwahi kuulizwa.

Haumwi wala hajakonda, Dada. Mashavu yake yamejaa kuliko yangu. Nililia pale mbele za watu, na hilo usimwambie mtu.

Nisalimie Shemeji Stephen na Priscah. Mungu alinde boma lote, na huyo jirani pia, ingawa mdomo wake unahitaji kufuli.

Mama mwambie hivi: nimekula chapati kutoka mkononi mwa mtoto wake, na chumvi ilizidi kidogo, kama yake. Sasa alale.

Ndugu yako anayekupenda daima,
Absalom