Pale Nyimbo Zenu Zinapokutana

Kaka yangu wa pili,

Salamu baadaye, nisije nikapasuka! Jumamosi kwenye tamasha la chuo, dijei nikiwa mimi, nimepiga wimbo wako. Ile roki nzito iliyokuwa ikimfanya jirani atugongee ukuta.

Niulize nimeuunganisha na upi. Wa kaka mkubwa! Usichane barua, soma kwanza. Tangu msiba wa mama hamsalimiani, kila mmoja katunga kivyake, na bado nyimbo ziko kwenye kii moja, ufunguo uleule wa sauti. Magitaa yenu yalielewana kuliko nyinyi. Tatizo mwendo: wako una haraka, na mpiga dramu wako akifika kwenye kiitikio anakimbia kama kafukuzwa na mbwa! Nikaupunguza taratibu, kidole kwenye sahani ya santuri, jasho likinitiririka, mpaka dramu zote zikadunda pamoja. Ukumbi ukalipuka! Hakuna aliyejua wimbo mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi.

Isipokuwa kaka mkubwa, aliyekuja kunibebea spika. Alisimama nyuma yangu. Nikasema moyoni, leo nimelikoroga. Akaniinamia sikioni.

"Rudia pale."

"Pale wapi?"

"Pale tunapopiga wote."

Nikarudia, watu wakaruka upya!

Haya, sasa salamu: hatujambo, ila kaka mkubwa mgongo unamsumbua. Jumamosi ijayo napiga tena, na spika ni mbili, mbebaji ni mmoja.

Mdogo wenu, wa nyote wawili.