Kibendera cha Dakika ya Themanini na Nane

Jumapili, 9 Machi

Tumefungwa mbili moja. Dakika ya themanini na nane tulikuwa sare, straika wetu akatia mpira wavuni, uwanja ukalipuka — na yule mama mshika kibendera kakiinua juu. Straika kaotea, eti! Nilimrukia pale pembeni ya mstari kama mwendawazimu. Wapinzani wakaanza mpira haraka, pasi mbili, goli. Kwisha habari.

Waandishi waliponiuliza nikasema, "Yule mama akapimwe macho." Wakacheka. Nikajiona nimesema neno.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenyekiti wa klabu kanipigia asubuhi. Nilijua kibarua kimeota nyasi — mechi tano bila ushindi. Kumbe wapi! Anasema tumeibiwa mchana kweupe, klabu imeshapeleka malalamiko, mama yule lazima afungiwe. Na mimi wako nyuma yangu. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Mchana msaidizi wangu, Kipara — tumecheza pamoja tangu enzi ana nywele — kaniita chumba cha video. Akafunga mlango. Kamera iliyorekodi mechi ile ni yetu peke yake. Akaisimamisha picha pale pasi inapotoka mguuni. Goti la straika wetu, na bega, mbele ya beki wa mwisho. Nusu hatua. Hakuna ubishi.

"Mama aliona sawa," akasema.

Kisha akaiachia iendelee, nikatamani ardhi ipasuke. Mabeki wangu wote wanne wamegeuza shingo. Hawautazami mpira. Wananitazama mimi, natupa mikono. Goli linapita nyuma yao.

Miaka kumi na tisa nafundisha watu jambo moja: uwanja ukichafuka, jua mpira uko wapi. Mimi sikujua. Kocha mzima!

Nikamwambia Kipara tuiache kwanza hiyo. "Kwanza mpaka lini?" akauliza. Nikafungua mlango.

Jumatano, 12 Machi

Jumapili ile ile mashabiki wetu walimsubiri yule mama getini. Kipande cha tofali. Nyuzi sita, juu ya jicho. Mtunza vifaa wetu anasimulia mazoezini kama kichekesho: walikuwa wanaimba "akapimwe macho." Maneno yangu, wameshayatilia na makofi.

Nimevunja mazoezi mapema. Nimesingizia joto.

Ijumaa, 14 Machi

Mama watoto kaniuliza mezani kama nimeenda kumpa pole. Nikamwambia mimi sikurusha tofali. Akasema hajauliza nani karusha. Akaondoa sahani yangu. Nilikuwa sijamaliza.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda.

Ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, sare za shule zimening'inia mpaka dirishani. Bandeji juu ya jicho, uvimbe umeshuka mpaka shavuni. Nilifikiri atanifukuza. "Karibu kocha. Kaa hapa, kile kiti kingine kimevunjika mguu."

Nikasema pole, dada. Akasema asante. Nikasema mashabiki hawana akili. Akasema kweli.

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Mara moja tu ukapita, hata hakukodoa macho. Sijui kwa nini jambo lile lilinichoma kuliko bandeji.

Bila kuinua uso akaniambia binti yake amempeleka kwa bibi yake mpaka watu wapoe. Kamati ya ligi imemsimamisha. Miaka kumi na mmoja kwenye ule mstari, wa kwanza kufika, buti anazipiga rangi mwenyewe. Halafu:

"Kocha, marudio umeyaangalia?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Sisi wawili tu, hakuna mwenyekiti, hakuna mwandishi.

"Picha haionyeshi vizuri," nikasema.

"Ah. Basi." Akakanyaga pedali, cherehani ikaanza kulia, na mimi nikaondoka.

Nikazunguka mitaa mitatu kabla ya kukumbuka gari nimeliacha wapi.

Jumatano, 19 Machi

Kipara kasema kesho, kwenye shauri la mama, kamati ikimwita ataonyesha picha. Nikamwambia hawatamwita, wameniita mimi. Akasema, "Ndiyo maana nimekuambia leo."

Alhamisi, 20 Machi

Naandika kwenye korido ya ofisi za kamati, nyuma ya karatasi ya mpango wa mechi. Mwenyekiti kanisindikiza mpaka mlangoni, kaniminya bega: "Sema ulichokiona. Mwezi ujao tunakaa kuzungumza mkataba." Akaenda zake.

Mama alikuja dakika kumi baadaye. Bandeji imetoka, kovu bado jekundu. Benchi ni moja. Akasalimia, akasogeza mkoba wake ili nikae vizuri. Tukakaa. Nilikuwa na sentensi nzima tayari kinywani — dada, ulikuwa sahihi, na picha ninayo. Maneno sita tu! Nafoka dakika tisini kila wiki, na haya sita yamegoma.

Karani akatoa kichwa. "Kocha, tunaanza na wewe."

Nikasimama nusu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Hapana, mama atangulie."

Karani akatabasamu. Mama naye akaniangalia kwa shukrani — akadhani ni heshima! Akanyoosha sketi yake, akaingia.

Yuko ndani sasa. Mlango haukufungika vizuri, nasikia kila kitu. Wanamuuliza kama kuna mtu yeyote anayeweza kuthibitisha alichokiona.

"Hapana," anasema. "Nilikuwa peke yangu."