Sura ya Rais kwenye mgongo wa Mama

Butembo, Jumapili jioni, mwisho wa Januari.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hadi mnara wa kanisa haukuonekana, na baridi ile yetu ya kuuma vidole. Sasa kumetulia, nimeshakula, na nina furaha ambayo sijui niikalishe wapi. Ndiyo maana naandika.

Alhamisi ametoka madarakani.

Sina haja ya kumtaja. Nilikuwa mtoto alipoingia, leo nina watoto wangu mwenyewe. Ninyi mlio mbali mnaniuliza: huko kwenu watu wanajisikiaje? Mnataka nijibu kwa neno moja, kama vile Butembo nzima ina tumbo moja.

Basi nitawaambia niliyoyaona kwenye atelier yangu karibu na soko. Mimi ni mwanamke mshonaji, nina mashine mbili za kukanyaga na pasi ya makaa. Alhamisi hakuna aliyekuja kushonesha, wote walikuja kusikiliza redio yangu. Mmoja akapiga vigelegele. Mwingine akatema mate sakafuni, nikampa ufagio. Mama Zaituni, ambaye bwana yake anaendesha camion, lori la mizigo, kati ya Beni na hapa, alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Bwana yake, alisema, amemtukana Rais yule kila siku ya ndoa yao, ila picha yake ameibandika kwenye kioo cha camion ili askari wa barrière, vizuizi vya njiani, wamwachilie haraka.

"Leo asubuhi anaiangalia tu," akasema. "Anasema: sasa nitabandika nani?"

Na mimi? Nilifurahi, nasema wazi. Nilifurahi kama mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa nzima. Halafu hasira ikaja. Mwezi uliopita wenzetu nchini walipiga kura, na sisi wa Beni na Butembo tukaambiwa tungoje, eti kuna ugonjwa wa kuambukiza, eti kuna vita. Ugonjwa haukutuzuia soko wala misa, ulituzuia sanduku la kura tu. Kwa hiyo ameondoka na sisi hatujasema neno letu.

Lakini jambo lililoninyima usingizi wiki hii halikuwa la Kinshasa. Ni la Mama yangu na dada yangu Masika.

Wakati wa vita vikubwa nchi ilikatwa vipande. Huku kwetu walitawala waasi, Kinshasa ilikuwa ya serikali. Papa, baba yetu, alikuwa amepanda ndege ya mizigo na magunia yake ya maharage kwenda kuuza Kinshasa, na vita vikafunga njia nyuma yake. Hakuna ndege, hakuna habari. Mama akalima kijijini Kalunguta, akatulea, na majirani wakaanza kumwita mjane. Alikataa kuvaa nguo ya kilio. Halafu Rais yule akashika nchi, wakubwa wakapatana, nchi ikaunganishwa, na siku moja Papa akaingia uani amekonda, begi begani, akiuliza kama kuna chakula. Aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa kwa presha, kitandani kwake, sisi tukimwimbia.

Kwa Mama, basi, habari ni fupi: "Ule mutu alinirudishiaka bwana yangu."

Masika naye alikuwa na bwana. Kambale alipanda kakao upande wa Beni, mtu mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza hadithi. Alasiri moja wenye mapanga waliingia mashambani. Mayowe yalisikika mbali, na hakuna askari aliyekuja. Majirani walimleta Kambale ndani ya turubai.

Kwenye matanga watu walimlaani Rais, kwamba analala usingizi na sisi tunakatwa. Mama yangu, ambaye angeweza kunyamaza, akasema: "Lakini yeye hakushika panga." Masika alikuwa na mimba kubwa. Alisimama polepole akamwambia, "Mama, toka mu kilio yangu."

Mama akatoka.

Tangu siku hiyo hawajasemezana. Mtoto akazaliwa, akaitwa Grâce, akaota meno, akatembea. Mama anamjua kwa picha ndani ya simu yangu. Huishika simu kwa mikono miwili na kuuliza kama mtoto anakula vizuri. Na mimi katikati nimekuwa daraja, na daraja hukanyagwa na wanaokwenda na wanaorudi. Nampenda Mama, nampenda Masika, na kila mmoja akisema nilikuwa namwona ana haki. Hiyo ndiyo iliyonichosha.

Sasa sikilizeni. Ijumaa Mama Zaituni alirudi kutoka Beni na ujumbe wa dada yangu, akautoa mbele ya Mama bila kupunguza neno: "Masika anasema, ule mutu amekwenda. Kama Mama anataka kuya kuona mutoto, akuye Jumapili."

Mama alilia. Kisha akafuta uso, akaenda chumbani, akafungua sanduku lake la chuma, na akatoka na kikwembe.

Kitenge, kwa wale wasiotujua, sisi tunaita kikwembe. Na hiki kilikuwa kile cha kampeni, kipya, hakijaguswa na sindano, kimetunzwa kwenye sanduku tangu siku za matumaini. Sura ya Rais imechapwa humo ndani ya duara, kubwa kama sahani, inatabasamu.

"Unishonee libaya ya kuvaa Jumapili," akasema. Libaya ndiyo blauzi yetu.

Nikamwambia, "Mama, unaenda kutafuta amani ao kutafuta fujo? Masika amekufungulia mulango, na weye unataka kuingia na mutu ule?"

Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kikwembe magotini, akakipapasa kama anavyopapasa unga wa muhogo kuona kama umekauka.

"Nikivaa ingine, nitakuwa nimemudanganya mutoto wangu," akasema. "Miye sikubadilika. Sitaingia kwake na bongo." Bongo, kwetu, ni uongo.

Visingizio vya washonaji haviishi. Mashine imeharibika, uzi umekwisha, pasi ilikuwa na moto mwingi, pole sana Mama. Usiku ule nilivipanga vyote kichwani, na cha pasi nilikipenda kuliko vyote. Asubuhi nikamwona amekwisha kufika atelier kabla yangu, ameoga, ananingojea mlangoni. Nikashindwa.

Nikatandika kikwembe mezani. Nguo yenye sura ina sheria zake, na kila mshonaji wa hapa anazijua, iwe sura ya Rais au ya Bikira Maria kwenye vikwembe vya akina mama wa parokia. Sura haikatwi, haipinduliwi kichwa chini, na haikaliwi. Kwa hiyo kabla ya mkasi lazima umuulize mteja.

"Mama, sura niiweke wapi?"

Nilikuwa nimeshaweka chaki upande wa kifua. Wote huitaka kifuani, na wakubwa wa chama huitaka kifuani mara mbili.

"Ku mugongo."

"Ku mugongo?"

"Nikiwa nakuya, Masika aone sura yangu, miye mama yake. Hii ingine ataiona nikisha kumupita, kama anataka kuiona."

Nilifuta ile chaki kwa kiganja. Nikakanyaga mashine. Libaya ile nimeishona kwa moyo kuliko gauni la arusi yangu.

Leo, baada ya misa ya kwanza, tukapanda taxi kwenda Beni. Kwenye barrière wote wanashuka, unanawa maji ya klori, unapimwa joto kwenye paji la uso. Askari mmoja akaona mgongo wa Mama akaangua kicheko: "Mama, oyo akei deja!" Yaani, huyu ameshakwenda.

Mama akajibu bila kugeuka, "Njo maana namusindikiza."

Taxi nzima ilicheka, hata dereva, ambaye tangu Butembo alikuwa amenuna. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani. Mzuri unamsindikiza asijisikie mpweke, mbaya unamsindikiza ili uwe na hakika ameondoka. Sikumuuliza Mama alimaanisha yupi. Nadhani wote wawili, na nadhani hata yeye hajui.

Masika alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Amezeeka, dada yangu. Siku hizi hatushikani mikono kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo walisimama tu wakitazamana, mikono inaning'inia kama haina kazi. Mama akasema, "Masika." Masika akasema, "Mama." Basi. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama nimebeba ndizi na jasho linanitoka.

Halafu Mama akainama kunawa kwenye ndoo iliyo pembeni ya mlango, na mgongo wake ukageuka.

Masika aliiona. Niliona anavyoiona. Midomo yake ilikazana, akaangalia ile sura inayotabasamu, akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia ndizi. Akaingia ndani. Nikajua yamekwisha, tutarudi Butembo na taxi ile ile, na kosa ni la mikono yangu.

Akatoka na Grâce.

Akamjia Mama kwa nyuma. "Mama, inama," akamwambia, kama tunavyoambiana tangu tukiwa wasichana, mtu anapotaka kukupandishia mtoto. Mama akainama zaidi. Masika akamlaza mtoto juu ya mgongo ule, akamfunga kwa kikwembe chake mwenyewe cha kulimia, kilichofifia, akakaza fundo kifuani kwa Mama kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Vidole vyake vilibaki pale kwenye fundo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sura ikawa haionekani tena.

Mama alizunguka uani akiimba kwa Kinande wimbo aliotubembelezea sisi. Masika alikuwa anamenya ndizi na hainui kichwa. Nilimsaidia. Hatukuzungumza habari ya Kambale wala ya Papa wala ya Kinshasa. Grâce alilala, shavu limebanwa mgongoni, mate yanamtoka.

Chakula kilipokuwa karibu kuiva Mama akasimama ghafla. "Eeh!" akasema. "Huyu mutoto amenilowesha."

Alikuwa amekojoa, na si kidogo. Libaya yangu nzuri ilikuwa imelowa kutoka katikati ya mgongo mpaka kiunoni. Nikamfungua mtoto, nikamshika, na sote watatu tukaangalia ile sura, imelowa chapachapa, bado inatabasamu.

Masika akaweka kisu chini.

"Mama," akasema taratibu, "Grâce amesha kupiga kura."

Kicheko kilianza kwa Mama. Nawaambia ukweli, kilianza kwake. Alicheka mpaka akashika ukuta, Masika akacheka mpaka akaketi chini kwenye maganda ya ndizi, na mtoto alipoona hivyo akapiga makofi. Kisha Mama akawa analia, na Masika akawa analia, na sikujua ni wakati gani kimoja kiligeuka kingine. Masika akasema, "Kambale angecheka sana." Mama akajibu, "Kambale angecheka. Nilikuwa nampenda Kambale, mutoto wangu. Sikukuambiaka." Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha kwa maneno. Masika alimpa Mama blauzi yake avae, na tukala.

Tulirudi kabla ya giza. Nimekifua mwenyewe kikwembe kile chenye sura kwa sabuni na maji mengi, na rangi haikutoka hata kidogo. Wanaochapa nguo za kampeni wanajua kazi.

Nilidhani Mama atataka kukirudisha kwenye sanduku. Hataki. Anasema Jumapili nyingine anarudi Beni nacho, maana mtoto amekizoea.

Mnaniuliza tunajisikiaje. Mmoja anashukuru na mwingine analia, na leo wamekula kwenye sahani moja. Mimi nimelala vibaya siku tatu na leo nitalala kama gogo.

Vikwembe vya huyu Rais mpya vitakuja, nawajua watu wa kampeni. Vitaletwa mezani kwangu, na nitauliza swali langu lile lile: sura niiweke wapi? Ila mgongo wa Mama una mwenyewe, naye ni Grâce.