Heimebrent ya Baba

Torbjørg, uko wapi? Baba amenimaliza!

Ile gongo ya harusi yangu, ile aliyodai kaipika mwenyewe kama babu, ikaniliza nikamkumbuka marehemu, kumbe ya dukani! Ya Uswidi! Nimemfuma jikoni sasa hivi akiimimina kwenye dumu la babu. Dumu la babu, shoga!

Nikamwambia, "Baba, heimebrent maana yake imechomwa nyumbani! Si wewe uliyenifundisha kwamba kupika gongo wazee walisema ni kuchoma?"

Hata hakushtuka. Eti, "Kwani hii imechomwa porini? Waswidi nao wana nyumbani kwao."

Nyumbani kwao!

Nikamfokea, "Babu angekuona leo angesemaje?"

Akafunga dumu taratibu. "Mwanangu, unadhani nani alinifundisha kumimina?"