Kitu Nilimficha Mwalimu wa Kamau

Wambui mjukuu wangu,

Nakusalimu sana. Huku Kitengela tuko salama, ni babu yako tu anakohoa. Nashukuru Mungu umepata kazi Loitokitok kufundisha watoto wenye ulemavu.

Umeniuliza, "Cucu, mama wa mtoto akinyamaza tukiandika mpango wa masomo wa mtoto wake, nifanye nini?" Huyo mama nilikuwa mimi.

Mjomba wako Kamau alipoingia shule, mwalimu aliniuliza anaweza nini na hawezi nini. Nilisema yote isipokuwa kifafa. Shule mbili zilikuwa zimemkataa kwa sababu hiyo, nikaogopa. Mwalimu akaandika kwa mpango kwamba Kamau ajifunze kujipakulia uji jikoni. Mimi niliyeishia darasa la tatu nikaweka sahihi.

Wiki haikuisha. Alianguka kando ya sufuria inayochemka, mpishi akamdaka kwa shati. Nilipoitwa nilijua tumefukuzwa.

"Mama Kamau, ulijua ako na kifafa?"

"Nilijua, mwalimu."

"Na ukaniacha nimpeleke kwa moto?"

"Ungemkataa."

Mwalimu akairarua ile karatasi ya mpango. "Hata mimi nilikosa. Ningekuambia kwanza kwamba haendi popote. Keti, tuanze upya."

Mpaka leo hiyo sufuria sijaisahau. Kwa hivyo huyo mama usimwangalie ukiwa na kalamu mkononi. Mwambie kwanza mtoto wake hafukuzwi, umwambie hata mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hataamini.

Ni mimi Cucu, nakuombea kila siku.