Nimemponya Kapteni Nyuki, Kaka Yangu Hapokei Simu

Senga Nabangala mpendwa,

Naitwa Abalo, ni mtoto wa kambi ya polisi, na naomba unisaidie, wewe shangazi wa wote gazetini, kwa sababu nimemponya mtu ambaye hayupo duniani na kwa ajili hiyo ndugu yangu wa damu hataki kunisikia. Najua maneno haya yanafanana na ya mtu mwenye homa, kwa hiyo nivumilie nikueleze toka mwanzo, maana ukiruka mwanzo utanicheka tu.

Mimi ndiye ninayeandika vile vitabu vidogo vya Nchi Tatu, vile vinavyochapwa mtaa wa Wandegeya na kusomwa na askari na Wakenya na Wakongo wa hapa mjini, lakini ukweli ni kwamba nchi hizo sikuzitunga peke yangu, tulizitunga mimi na kaka yangu Okwir tukiwa watoto, nyuma ya nyumba yetu ya bati kule kambini, tukichora ramani ukutani kwa mkaa, na baba yetu Tarcisio anatufokea tufute, kisha jioni yeye mwenyewe anakuja kutuuliza huu mto unatoka wapi. Baba alipiga tarumbeta katika bendi ya polisi, mama yetu Aminah alikuwa mama wa kila mtoto mwenye kidonda, na kila tulichokiona pale tulikiingiza katika nchi zetu. Senga, hata leo nikipita karibu na kambi alasiri nikasikia bendi iko mazoezini, nasimama mpaka wimbo uishe.

Sasa nikueleze uganga wa nchi hizo, maana ndio wenye kesi. Katika Nchi ya Maji kidonda kinagawanywa, watu wanashika mkono wa mgonjwa na kila mmoja anachukua uchungu kidogo anakwenda nao nyumbani, kama akina mama wa kambini walivyogawana kazi za aliyejifungua, huyu achote maji, huyu afue, huyu apike uji. Katika Nchi ya Moto mganga anatupa motoni siku moja nzuri aliyowahi kuiishi, anaisahau kabisa, na nyama inaota pale ilipokatika. Katika Nchi ya Tarumbeta mifupa inapigiwa wimbo nayo inarudi kwenye mstari, kama askari wakiitwa gwarideni. Lakini Okwir alisema lazima iwepo sheria moja ya kuzifunga nchi zote, la sivyo watu watapona hovyo na mchezo utakufa, basi sheria hiyo tukaichukua kwa mama. Mama alikuwa na chupa ya dawa ya zambarau, na mtoto akija analia, damu inachuruzika mpaka kwenye kandambili, mama anaiona kabisa lakini chupa haifungui, anavuta kigoda, anakaa mbele yako, anauliza, "Iko nauma wapi? Sema wewe mwenyewe." Mara nyingine mtu alianza kuonyesha goti akaishia kusema kwamba watoto wa nyumba za juu, za maofisa, wamekataa kucheza naye, na mama akafunga goti, kisha akamshika mkono wakaenda nyumba za juu. Ikawa sheria ya Nchi Tatu: mganga haanzi kazi mpaka mgonjwa ataje kwa mdomo wake panapouma.

Katika mchezo ule Okwir ndiye alikuwa Kapteni Nyuki, na mimi dada yake Nyuki. Tukakua, mama akafariki, baba akarudi kwao Lira, Okwir akaingia jeshini, nami nikaanza kuandika vitabu kwa sababu nilikosa mtu wa kucheza naye. Halafu Okwir akarudi bila mguu wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Akakaa kwangu miezi, mpaka siku moja akasema, "Basi na Nyuki mguu iende. Tutatembea pamoja." Nikauondoa mguu wa Kapteni Nyuki katika kitabu cha tatu, kwenye vita vya darajani, na Okwir alipokisoma alicheka, Senga, alicheka kile kicheko chake cha kambini.

Sasa kitabu cha nne ndicho kimeniletea balaa. Niliona nimpe Okwir zawadi, nikaunganisha uganga wa nchi zote katika sura moja, jambo ambalo sijawahi kulifanya: nikamlaza Kapteni Nyuki usingizi mzito ili asipate taabu, watu wa Maji wakashikana mikono toka darajani hadi sokoni, tarumbeta zikaita mfupa, na dada yake akatupa motoni siku nzuri kuliko zote, ile ya kuchora ramani, mguu ukaota mpaka kidole cha mwisho. Nilikuwa nalia nikiandika. Nikaenda kuisoma sura hiyo kwa sauti katika hoteli moja ndogo ya Wandegeya, wasomaji wakajaa, wakasimama wakapiga makofi, na Okwir aliyekuwa amekaa karibu na mlango akachukua magongo yake akatoka. Nikamfuata nje nikamwuliza vipi, akaniambia taratibu, bila hasira, "Abalo, wewe naandika muzuri sana. Lakini sasa Nyuki iko na miguu mbili. Mimi nabaki na nani?" Akapanda boda akaenda zake Port Bell, ambako amepanga chumba na analinda geti la bohari. Tangu hapo hapokei simu yangu, na nilipomfuata kazini alimtuma mwenzake Ogwang aje aniambie kwa adabu, "Nyabo, mama yangu, leo haiwezekani."

Na mchapaji wangu Byron anataka jibu wiki hii, mashine inasubiri. Kuna mama mmoja ana mtoto hospitali, ameniandikia kwamba baada ya kuisikia sura ile alilala usingizi kwa mara ya kwanza, sasa nikiung'oa ule mguu nitamwambia nini? Nikichapa nampoteza kaka, na ndiye mtu pekee aliyebaki anayejua ule mto ulitoka wapi. Nifanyeje, Senga?

Ni mimi Abalo, Ntinda

*

Abalo mwanangu,

Pole sana. Sasa futa machozi, nataka kukugombeza.

Vitabu vyako nimesoma viwili, cha tatu jirani yangu Esperance alikiazima na mpaka leo ananiambia amefika katikati. Kwa hiyo sheria zako nazijua, na kinachonishangaza ni kwamba wewe mwenyewe umezisahau. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mganga haanzi mpaka mgonjwa ataje panapouma. Kisha chini kidogo, bila hata kushtuka, unaniambia ulimlaza Kapteni usingizi mzito. Haya, mtu aliyelala anataja nini? Mama yako alikuwa anaona damu kwa macho yake na bado aliuliza. Wewe hukuuliza, si kitabuni, si nyumbani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nawe umejifanya unajua bila kuuliza.

Na ile siku ya kuchora ramani, ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya watu wawili, wewe ukaitia motoni peke yako. Kaka yako amekaa mlangoni anasikia utoto wake unaungua na watu wanapiga makofi. Mimi pia ningetoka, tena ningeubamiza mlango.

Sisemi una roho mbaya. Sisi tunaopenda watu ndivyo tulivyo, tunaona kidonda mikono inawasha. Mume wangu Masinde alipofariki, tukiwa hapa hapa Nateete, kila aliyeingia alikuja na dawa yake: rudi kwenu Bungoma, olewa tena, anza kuuza mitumba. Mtu mmoja tu, Abwola, mke wa askari aliyepanga mlango wa pili, alikaa akaniuliza, "Mama, nini nakusumbua zaidi?" Nikajikuta nasema ni redio. Masinde ndiye alikuwa anaiwasha asubuhi, nami nilikuwa naamka kwenye ule ukimya nashindwa kuinuka. Abwola hakunipa ushauri wowote. Alikuwa anakuja asubuhi, anawasha redio, anakwenda kazini kwake. Nilipofika kwenye kigoda cha mama yako katika barua yako niliiweka chini kwanza, maana nilimkumbuka.

Sasa nisikilize. Byron mpigie leo hii, mwambie asubiri, na akinung'unika mwambie Senga kasema. Yule mama wa hospitali mwandikie, muulize mtoto anaendeleaje, utaona kwamba alihitaji zaidi mtu wa kumuuliza kuliko mguu wa Kapteni. Okwir usimwandikie chochote, kwa sababu wewe ukishika kalamu tu unaanza kuponya watu. Nenda Port Bell siku yake ya mapumziko, chumbani kwake, si getini mbele ya Ogwang ukamwaibisha kaka wa watu. Kitabu kiache nyumbani. Tafuta kigoda, kaa mbele yake, muulize kwa maneno yale yale ya mama yenu, kisha nyamaza. Atakaa kimya mpaka chai ipoe. Mwache akae, usimjazie.

Akikuambia ni mguu, vizuri, rudi uandike upya, Nyuki akiwa macho, na motoni utupe siku yako wewe, ya kwako peke yako. Akitaja jambo jingine, basi hilo ndilo kitabu cha nne, hata kama halina tarumbeta. Na akisema hakuna panapouma, mwamini, mle pamoja, urudi Ntinda, Kapteni aendelee na gongo lake. Wasomaji wako walimpenda pale darajani mguu ukiwa umeshakwenda, hawatamkimbia leo.

Jambo moja la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nikujibu upesi. Okwir naye ni mtoto wa Aminah, sheria anaijua kuliko wewe. Akikugeuzia swali, akakuuliza na wewe unaumwa wapi, usimtajie mguu wake, taja pako.

Senga Nabangala, Nateete