Waya Mpya wa Antena, Kabazi

Jumatatu, 3 Juni
Chai, dawa za Mama Njeri, halafu antena. Nimezungusha mlingoti tena kutafuta mnara wa simu. Binti yetu Njeri alipiga video kutoka Doha anakofanya kazi, uso ukaganda, vipande vipande. Mke wangu akasema, "Baba Njeri, huyu mtoto amekonda." Nikasema ni network. Hakuridhika. Anataka kumwona vizuri mara moja kabla hajaondoka duniani. Alisema hivyo bila kulia. Nililia mimi, nje, karibu na tangi.

Jumatano, 5 Juni
Nimepanda ngazi nikafungua konekta, kile kiungo cha waya na antena. Maji yakatoka. Ndani ni kutu ya kijani. Waya wenyewe ni wa TV, ulibaki stoo, nami situpi kitu. Mita ishirini, na nusu yake imeviringishwa chini ya paa kwa sababu sikutaka kuukata. Mtandao unaishia humo njiani kabla haujafika kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti ndani. Ujinga wangu.

Jumamosi, 8 Juni
Nakuru mjini. Fundi aliucheka ule waya. "Mzee, hii ni ya TV. Weka nene, na uifanye fupi." Waya nimepata. Konekta zinazoshika waya mnene hana, zitakuja Jumatatu. Nimerudi na waya tu.

Jumatatu, 10 Juni
Konekta zimefika, fundi amezituma kwa matatu. Mvua tangu asubuhi, paa linateleza. Nikasema kesho. Njeri alipiga, picha ikakataa, tukabaki na sauti. Mama yake alisikiliza amefumba macho. Hakula.

Jumanne, 11 Juni
Mama Njeri ametuacha alfajiri. Waya uko mezani, bado umefungwa.

Jumamosi, 15 Juni
Mwajiri wa Njeri hampi ruhusa. Atafuata mazishi kwa simu. Basi nimepanda. Nimepima mita nane, nikakata, sikubakisha akiba hata kidogo. Nimebana konekta, nikazungushia tepu ya mpira, nikauacha waya ulegee kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondoke nje. Network imejaa, alama zote. Nimekaa juu ya ngazi nikajichukia. Jumatatu ningeweza kupanda. Mvua ilikatika saa tisa, nilikuwa nakunywa chai.

Jumatano, 19 Juni
Tumemzika nyuma ya nyumba, karibu na parachichi zake. Mtoto wa ndugu yangu alishika simu. Picha haikukwama. Njeri aliona hadi koleo la mwisho.

Ijumaa, 21 Juni
Chai. Sufuria ile kubwa, ya chai ya watu wawili, sikuitoa.

Njeri alipiga jioni. Mara ya kwanza namwona sawasawa tangu aende. Mashavu yameingia. Mifupa ya shingo naihesabu. Nimemuuliza kama anakula, akatazama pembeni.

Mama yake aliliona hilo kwenye picha mbovu. Mimi nikasingizia network.

Nimemwambia arudi nyumbani. Ameomba nigeuze simu aone kiti cha mama yake. Nimegeuza. Tumekitazama wote wawili mpaka chaji ikaisha.